Kabla hujapanda sukuma, uliza mtungi ulibeba nini

Ukipita siku hizi katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru utaona jambo la kutia moyo. Kwenye roshani, juu ya paa za saruji na kando ya milango ya vyumba vya kukodisha, watu wamepanda mboga. Hawana mashamba. Wanachotumia ni mitungi ya plastiki iliyokatwa ubavu, ndoo zilizotoboka, magunia, matairi kuukuu na ile mikebe ya mafuta ya kupikia tunayoiita gorogoro.

Hili si jambo la mzaha. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi za mitaa ya mabanda zilikosa chakula huku bei ya mboga ikipanda. Mwaka 2008 shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilianza kuwasaidia wakaazi wa Kibera kupanda mboga katika magunia. Gunia moja lililosimamishwa mlangoni liliweza kubeba miche juu na pembeni, na mama akachuma jioni bila kwenda sokoni.

Serikali nazo zimelitambua jambo hili. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa familia inayopimia kila shilingi, ushauri huo ni ndoto ikiwa mboga zote ni za kununua. Mikebe na magunia yanaweza kuileta ndoto hiyo karibu.

Hata hivyo, kuna swali ambalo wengi wetu hatuliulizi, nalo ndilo lililonifanya niandike leo. Chombo hicho unachokipandia mboga ya kulisha watoto wako, kabla ya kufika mikononi mwako kilibeba nini?

Swali la sekunde moja

Tumezoea kusifu kila anayetumia tena kitu kilichotupwa. Tunasema ametunza mazingira, ameokoa pesa, amepunguza taka. Yote hayo ni kweli. Lakini mkebe si mkebe tu. Mtungi uliobeba mafuta ya kupikia na mtungi uliobeba dawa ya kuua wadudu hufanana sana vikishaoshwa na kubanduliwa karatasi. Kimoja ni bustani. Kingine ni sumu iliyofichwa.

Maoni yangu ni kwamba hakuna chombo kinachostahili kupandwa mboga mpaka mwenye kukipanda ajue kilikotoka. Asipojua, akipande maua au akiache. Kuuliza si ujinga, na swali hili halimgharimu mtu hata ndururu.

Tuanze na vyombo vya dawa za kuua wadudu, magugu na kupe. Hivi havifai kabisa kwa chakula, maji au mboga. Wakulima hufundishwa kuviosha mara tatu na kuvitoboa baada ya kumaliza dawa. Wengi hudhani kwamba kikishaoshwa mara tatu kimekuwa safi kwa matumizi ya nyumbani. La hasha! Kuosha huko ni kwa ajili ya kukiandaa kutupwa kwa usalama, na kukitoboa ni ili mtu mwingine asikitumie tena. Plastiki hunyonya sehemu ya dawa ndani ya mwili wake, na sabuni haiifikii. Udongo na maji vikikaa humo, dawa hiyo huweza kutoka kidogo kidogo.

Kundi la pili ni vyombo vya mafuta ya injini, tindikali, gundi, rangi na vitu vya kuyeyushia rangi. Rangi za zamani hasa ziliwekwa madini ya risasi. Kundi la tatu ni makasha ya betri za gari, ambayo yana risasi na tindikali. Usipande kitu humo, wala usiyaweke karibu na mboga au watoto.

Kuna pia yale mapipa makubwa ya buluu yanayouzwa kando ya barabara. Baadhi yaliingia nchini yakiwa na maji ya matunda au vyakula vingine. Mengine yalibeba kemikali za viwandani. Muuzaji huyapanga pamoja, ameyaosha yote, na bei ni ile ile. Ikiwa hawezi kukuambia lilibeba nini, usimpe pesa yako, hata kama atakuapia kwamba ni safi.

Usidanganyike pia na ile pembetatu yenye nambari chini ya chombo. Nambari hiyo hueleza aina ya plastiki tu. Namba 2 na namba 5 hutumika sana kwa vyombo vya chakula, lakini mtungi wa dawa ya mimea nao huweza kuwa namba 2. Nambari haikuelezi kilichomiminwa ndani.

Kwa wanaotengeneza masanduku ya mboga kwa paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo bandarini na viwandani, tafuta muhuri uliopigwa kwenye mbao. Herufi HT humaanisha mbao ziliuliwa wadudu kwa joto. Herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methyl bromide. Chukua za HT. Zile za MB, au zisizo na muhuri na zina madoa ya mafuta, ziache.

Kwa nini tuogope kiasi kidogo?

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: sumu iliyobaki ni kidogo, nasi tumekula mengi na tungali hai. Hoja hii inahitaji jibu.

Chukua madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi hujilimbikiza kwenye mifupa. Mama akipata mimba, risasi iliyokaa mifupani kwa miaka huweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua, na mzazi huenda asione dalili yoyote. Ataambiwa tu na mwalimu kwamba mtoto ni mzito wa kushika masomo. Madhara hayo ya ubongo hayana dawa ya kuyafuta.

Nchi yetu imeyaona haya kwa macho. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la taka la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakaazi maradhi na misiba kabla hakijafungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 walipwe Sh1.3 bilioni.

Sisemi kwamba mkebe mmoja wa rangi mlangoni mwako ni sawa na jaa la Dandora. Nasema kwamba mtoto wa mjini tayari anapata sumu kutoka vumbi, moshi na maji. Bustani ya nyumbani ilikusudiwa kumpunguzia mzigo huo. Itakuwa ajabu ikiwa sisi wenyewe tutamwongezea kwenye sahani.

Udongo nao una habari yake

Ukishapata chombo salama, usikijaze udongo wa hatari. Wengi huchota udongo kando ya barabara kuu, nyuma ya gereji au pale palipochomwa taka. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyoanguka udongoni kabla ya hapo haiozi wala haiyeyuki. Ingali pale. Mboga za majani kama sukuma wiki, mchicha na managu hushika vumbi la udongo huo kwenye majani, na nyingine hunyonya kwa mizizi.

Chota udongo mbali na barabara, gereji, jaa na mahali palipobomolewa nyumba ya zamani iliyopakwa rangi. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Na kila mara, osha mboga kwa maji safi kabla ya kuzikata.

Maji pia yatazame. Moja ya faida kubwa za mboga ya mlangoni ni kwamba unajua ilinyweshwa nini. Mara ngapi tumesikia malalamiko ya sukuma zilizokuzwa kwa maji ya mitaro ya choo, ambayo huleta minyoo, homa ya matumbo na kipindupindu? Maji uliyooshea mchele au mboga yanatosha mikebe kadhaa. Yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo, yamwage kwingine.

Mboji katika ndoo

Sehemu kubwa ya taka za jikoni mwetu ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, majani ya kabichi, majani ya chai, maganda ya mayai. Tunavifunga na kuvitupa, navyo huoza njiani vikivuta nzi na panya. Ndoo kuukuu ya lita 20 yenye kifuniko yaweza kuvigeuza kuwa chakula cha mimea.

Itoboe matundu kumi au zaidi chini na pembeni, kila moja unene wa kidole kidogo. Iweke juu ya matofali, na chini yake sahani ya kukingia majimaji. Anza kwa tabaka la vijiti na majani makavu. Kila unapotia maganda mabichi, yafunike kwa vitu vikavu mara mbili au tatu ya kiasi hicho: majani makavu, maranda ya mbao isiyopakwa rangi au dawa, au karatasi za kawaida zilizochanwa. Koroga mara moja kwa wiki. Ukikamata mkononi na kufinya, iwe na unyevu kama sifongo iliyokamuliwa. Ikinuka vibaya, imelowa sana au imekosa hewa, basi ongeza vitu vikavu na ukoroge. Ikikauka na kukaa vile vile, nyunyiza maji. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, yenye kumomonyoka na kunukia udongo wa msituni.

Kuna mambo ambayo hayaruhusiwi humo. Usitie nyama, mifupa, samaki wala mafuta, kwani utaita panya. Usitie nepi, wala kinyesi cha mbwa, paka au mtu. Lundo kubwa la mboji shambani hupanda joto hadi nyuzi 55 au zaidi na kuua vijidudu vingi. Ndoo ndogo haipati joto hilo, kwa hiyo mayai ya minyoo hubaki hai. Majivu ya kuni kidogo yafaa, lakini si majivu ya taka zilizochomwa wala ya mbao zilizopakwa rangi.

Adui mwenye mabawa

Hatari nyingine ya vyombo kuukuu haimo kwenye plastiki. Imo kwenye maji yanayotuama. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hapendi sana mabwawa. Anapenda matairi, makopo na mitungi iliyo karibu na watu, na huuma mchana. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Aidha, mwaka 2022 mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, Anopheles stephensi, aligunduliwa katika Kaunti ya Marsabit. Huyu naye huzaliana katika vyombo vya maji mijini, tofauti na mbu wa malaria tuliomzoea.

Kwa hiyo kila chombo cha mboga lazima kiwe na matundu ya kutosha chini. Tairi lisilotobolewa ni kiwanda cha mbu, na kwa kuwa mpira wake una kemikali zake, mimi ningelipa maua badala ya mboga. Visahani vya kukingia maji vimwage na kuvisugua angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi tu. Vyombo ambavyo bado hujavipanda, viinamishe mdomo chini au viingize ndani.

Vyombo salama havijaadimika

Huenda mtu akaniambia: wewe unazungumza kama mwenye pesa, maskini hana uchaguzi. Nakataa. Vyombo salama ndivyo vilivyo vingi zaidi. Mtungi wa mafuta ya kupikia, ndoo ya siagi au asali, gunia la mahindi, maharagwe au mchele, chupa za maji, gorogoro iliyopasuka: vyote hivi vilibeba chakula, na vinapatikana kwa bei ya bure au karibu na bure. Magunia ya mbegu ndiyo ya kuangalia. Mbegu zilizopakwa rangi nyekundu, buluu au kijani zimetiwa dawa, na gunia lake halifai.

Gorogoro yatosha dania au kitunguu cha majani. Mchicha na spinachi zinahitaji kina cha sentimita 15 hadi 20. Sukuma inataka sentimita 25 au 30, na nyanya ipewe ndoo nzima ya lita 20. Kwa gunia, weka gorogoro isiyo na kitako katikati, ijaze kokoto, zungusha udongo pande zote, kisha uivute juu na kuijaza tena mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayosambaza maji hadi chini. Magunia ya plastiki huchanwa na jua baada ya msimu mmoja au miwili, na yakianza kumeguka yabadilishe ili vipande visichanganyike na udongo.

Wajibu si wa mama wa nyumbani peke yake

Sitaki tumtwike mwenye bustani mzigo wote. Yeye hawezi kupima kemikali kwa macho. Kuna wengine wanaojua vizuri chombo kilibeba nini, nao wamenyamaza.

Wa kwanza ni wanaotengeneza na kuingiza bidhaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa wajibu juu ya bidhaa na vifungashio vyao hata baada ya kuuza. Basi wenye dawa za kilimo wapokee mitungi mitupu kupitia maduka yale yale ya agroveti yanayowauzia dawa, na mkulima anayerudisha apewe kitu kidogo. Mtungi ukiwa na thamani dukani, hautafika gengeni.

Wa pili ni wafanyabiashara wa vyombo kuukuu. Hawa ni wenzetu wanaotafuta riziki, na siwaombei wafungiwe kazi. Wanachopaswa kufanya ni kutenganisha vya chakula na vya kemikali, na kuacha karatasi ya jina ibaki juu ya chombo mpaka mnunuzi aione. Serikali za kaunti ziweke sharti hilo katika leseni zao.

Wa tatu ni kaunti zenyewe. Sheria hiyo hiyo ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Lakini mwananchi akishatenganisha, kisha lori likaja na kumwaga zote pamoja, atajiona mjinga na wiki ijayo hatajisumbua. Katiba, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinampa haki ya kutokuwa na njaa. Bustani ya mkebe inagusa haki zote mbili, na kaunti haiwezi kuitazama kama mchezo wa akina mama.

Lakini kabla hao hawajatimiza wajibu wao, wewe msomaji una kazi ya leo jioni. Zungukia vyombo vyako kimoja kimoja. Kile unachokijua asili yake, na kilibeba chakula, endelea nacho. Kile cha dawa, rangi, mafuta ya injini au tindikali, ng'oa mboga uitupe, usiile wala usimpe kuku, na udongo wake usiuhamishie chombo kingine. Kisha kitoboe chombo kisitumiwe tena na mtu mwingine. Kile usichokijua, kitilie maua. Halafu mwambie jirani yako, kwa maana huenda mitungi yenu mliinunua kwa muuzaji mmoja.

Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wahenga. Mboga tunazipanda ili watoto wapate damu, macho na nguvu. Tusiziache zichukue kwa mkono wa kushoto kile zinachotoa kwa mkono wa kulia.